Kipande Kisichokaa Sawa

Mambo haya yalimkuta jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusema, na ndiyo maana aliyoyasema hayajatutoka akilini.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Alichemsha maji ya chai ya watu wawili, akakumbuka, akamwaga nusu. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akafungua dirisha, akavuta kiti mbele ya meza iliyobeba bonde zima.

Wanafunzi wake katika chuo cha usanifu majengo walimwita Kibano, kwa sababu kibano chake cha chuma hakikubanduka mfukoni mwa shati, hata siku ya kumzika mkewe. Aliwafundisha vijana kutengeneza mifano midogo ya majengo kwa mbao laini na jasi, ili mwenye pesa aone nyumba yake kabla haijajengwa. Mfano uliokuwa mezani, hata hivyo, haukuwa kazi ya chuo. Ulikuwa deni la ndoa.

Mkewe alikuwa mhifadhi wa bonde la kale lililo nje ya mji: kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mashamba ya ngazi, na makaburi ya watu ambao hata lugha yao haikumbukwi. Sheria ililinda kila jiwe. Serikali ilipotangaza kupanua barabara kuu, na ramani ikaonyesha njia sita zikipasua bonde katikati, yeye ndiye aliyeandika pingamizi. Akakusanya sahihi, akabishana na wahandisi, akaitwa adui wa maendeleo mpaka akalizoea jina. Figo zikamwangusha kabla kesi haijasikilizwa. Kitandani alirudia neno moja. "Watu hawakililii kitu wasichokiona. Watengenezee wakione."

Basi akatengeneza. Mita mia tano za ardhi ziliingia katika mita moja ya meza. Katikati aliacha mfereji, na kwa ajili ya mfereji huo akachonga vipande viwili vya kupokezana. Kimoja kilikuwa bonde kama lilivyo, lenye kuta, makaburi na kibanda cha mlinzi langoni. Kingine kilikuwa barabara, nyeusi, pana, imenyooka kama amri. Jopo la kusikiliza pingamizi lingetazama cha kwanza, kisha lingetazama cha pili. Hapo hotuba ingekuwa ya nini?

Kilichobaki ni rangi ya ardhi, na kila rangi aliyochanganya ilimsuta. Ndipo akakumbuka viatu vya kazi vya marehemu, nyuma ya mlango, ambavyo hakuna aliyethubutu kuvigusa. Soli zake zilikuwa zimejaa udongo wa bonde.

Mkewe alikuwa na sheria moja asiyoitania. Yeyote anayetoka bondeni akung'ute viatu langoni. Hakitoki kitu, hata vumbi. "Kila kitu kibaki kilipo," aliwaambia wageni, "hiyo ndiyo maana ya kuhifadhi." Naye alikung'uta vyake kila jioni kama anayetawadha. Ila siku ile ya mwisho alitoka amebebwa.

Kibano aliukwangua udongo ule, akausaga, akauchekecha, akaunyunyiza juu ya gundi mbichi. Bonde likapata rangi yake. Likawa kama limevuta pumzi.

Mwisho akachonga mtu wa kipimo. Wenye kazi hii huweka mtu mmoja mdogo ili mtazamaji ajue ukubwa wa vitu, na kwa kawaida huwa ni mtu yeyote tu. Safari hii mkono haukukubali. Akakunja uzi wa shaba, ukawa mwanamke mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na bega la kushoto lililoshuka kwa miaka ya kubeba mkoba. Hakumchora uso. Akambandika kwenye njia ya lango, miguu miwili kwenye gundi. Alipokuwa akiutoa mkono, kidole gumba kikagusa mteremko wa magharibi, ambao jasi yake ilikuwa bado laini. Kikaacha alama. Akajiambia ataisawazisha kesho.

Kesho yake simu iliita kabla hajakaa.

"Mwalimu, umeamkaje?" Alikuwa Komeo, mlinzi wa lango la bonde, na nyuma yake redio ikiimba. Redio ya Komeo haikuwahi kuzimwa tangu inunuliwe; alidai ukiizima inasahau stesheni.

"Salama. Huko vipi?"

"Huku mteremko wa magharibi umekaa chini."

"Umeporomoka?"

"Ungeporomoka ningesema umeporomoka, mwalimu, sina ubahili wa maneno. Umekaa. Kama mtu kaukalia. Njoo uone, maana nikimwambia bosi atataka kuninusa mdomo."

Alifika jua likiwa utosini. Komeo, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alimpandisha juu ya ukuta wa mashariki, mahali ambapo mtu huona bonde lote. Mteremko wa ng'ambo ulikuwa umedidimia, shimo la mviringo lenye upana wa uwanja wa kuanikia nafaka. Ndani yake nyasi zilikuwa zimelala kwa mistari iliyopinda, mviringo ndani ya mviringo, safi, kama iliyochorwa. Na mfuo mmoja ulikata mistari yote hiyo kwa mshazari.

"Trekta gani linalima hivi?" Komeo aliuliza. "Na limeingilia wapi?"

Kibano aliuingiza mkono wa kulia mfukoni. Kwenye kidole gumba cha mkono ule, tangu alipokuwa akijifunza kazi, palikuwa na kovu la kisu, limekata mistari ya kidole kwa mshazari. Alama ile aliijua. Aliiona kila siku ya maisha yake. Hakuwahi tu kuiona ikiwa kubwa hivyo.

Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu. Alichukua kichupa cha kudondoshea maji, kile cha kulainishia gundi, akapiga simu.

"Komeo, hali ya hewa?"

"Jua la kupasua mawe. Kwani wewe uko nchi gani?"

Kibano aliangusha tone moja mbele ya kibanda kidogo cha langoni.

"Hata ukungu hakuna, mwalimu, mbingu iko... subiri. Subiri! Yallah!" Redio iliendelea kuimba. "Maji! Pipa zima limemwagika hapa mlangoni, mara moja, pwaa! Na wingu hakuna!" Komeo akacheka, cheko la mtu anayetafuta mwenzake wa kucheka naye. "Mama mhifadhi angekuwepo angeniambia niandike ripoti. Niandike nini sasa? Kwamba mbingu imetema?"

Kibano aliweka simu chini. Alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya njia ya lango.

Mwanamke hakuwepo.

Palikuwa na nukta mbili za gundi, kavu, tupu. Alimtafuta taratibu, ukuta kwa ukuta, kaburi kwa kaburi. Akamkuta kando ya mfereji, karibu kabisa na kibanda. Amesimama. Bega la kushoto chini. Alikuwa ameinua kichwa na kutazama juu.

Hakuwa amemchora macho. Sasa alikuwa nayo.

"Mke wangu," alinong'ona, midomo karibu na kioo.

Simu ikaita papo hapo. "Mwalimu," alisema Komeo, na safari hii hakucheka, "sasa inanguruma."

Siku hiyo hakusema tena neno ndani ya chumba kile. Alipumulia pembeni. Alifunga dirisha, upepo usiingie.

Siku chache baadaye, alasiri ya mkesha wa kikao cha jopo, shemeji yake alikuja. Alikuwa mdogo wa kike wa marehemu, wakili, na ndiye aliyebeba pingamizi baada ya dada yake. Alitazama mfano, akaziba mdomo kwa mkono.

"Shemeji. Umeutendea haki." Akafuta machozi kwa kiganja, kama mtoto. "Na barabara yenyewe? Iweke nione."

"Barabara haiendi."

"Haiendi wapi?"

"Kikaoni. Wataliona bonde lilivyo. Linatosha."

"Shemeji, barabara ndiyo kesi. Wizara watakuja na picha zao tamu, miti imepandwa pembeni, watoto wanaendesha baiskeli. Sisi tukatoe mfano wa kupinga barabara usio na barabara? Watatucheka mpaka magego yaonekane."

"Ukiiweka pale," alisema Kibano kwa sauti ya chini sana, "itakuwa imewekwa."

"Nini?"

"Barabara."

Wakili alimtazama kwa jicho ambalo watu huwatazamia wafiwa. "Umekula leo?"

Alitaka kumwonyesha. Alishika hata kioo. Lakini angemwonyesha nini, dada yake wa shaba, ana macho? Akakiviringisha kipande cheusi katika taulo, akakiweka kabatini, juu ya rafu. Shemeji yake aliangalia kinakoingia.

Asubuhi ya kikao alimpigia Komeo. "Leo usikae kibandani."

"Nikakae wapi, mwalimu? Zamu yangu, kiti changu, redio yangu."

"Kaa nje. Nakuomba. Kwa ajili ya mama."

"Haya, nikimaliza kusikiliza habari."

Waliubeba mfano kwa gari la kukodi, Kibano akiwa nyuma ameukumbatia kama mgonjwa. Kila tuta aliomba dereva asimame kabisa kwanza. Shemeji yake alitangulia kushuka, mkoba mkubwa begani. Siku nyingine Kibano angeuona uzito wa mkoba ule. Siku hiyo alikuwa anatazama bonde tu.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, mapangaboi matatu na meza ndefu ya jopo. Mwenyekiti alikuwa mwanamume mzee wa miwani, mwenye subira ya mtu aliyesikia kila aina ya uongo. Wajumbe walisogea kuutazama mfano, na minong'ono ikakatika. Mjumbe mmoja aliweka mikono nyuma, kama watu wafanyavyo makaburini.

Ndipo mhandisi wa barabara aliposimama. Kijana nadhifu, mwenye adabu zake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwanza tunampa pole mwalimu kwa msiba. Lakini naomba kuuliza. Barabara iko wapi? Tumeonyeshwa nyumba nzuri sana, tukaambiwa imeingia mwizi, ila mwizi mwenyewe hayupo."

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alitabasamu.

"Yupo," alisema shemeji.

Alikuwa ameshafungua mkoba. Taulo lilikuwa mikononi mwake.

"Nisamehe, shemeji," alinong'ona akipita. "Dada angetaka."

Kibano alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Alisema kitu, lakini pangaboi lilikuwa juu ya kichwa chake na hakuna aliyesikia. Shemeji aliingiza kucha pembeni mwa mfereji. Akang'oa kipande cha bonde, na kuta zake, na makaburi yake, na kibanda chake. Akakilaza mezani. Akachukua kile cheusi. Akakishusha.

Hakikukaa.

Upande mmoja, upande wa lango, kilibaki kimenyanyuka. Kidogo tu. Kama kuna punje ya mchele chini yake.

"Kimegoma," alisema wakili, akicheka kwa aibu.

Kibano alikuwa amefika mezani. Kioo kilikuwa jichoni. Alimtafuta njiani. Alimtafuta kando ya mfereji. Kwenye kipande kilicholazwa pembeni. Hakuwepo. Hakuwepo popote panapoonekana.

"Usi..."

Shemeji aliweka kiganja juu ya barabara, akaegemea kwa uzito wake wote.

Tik.

Barabara ilikuwa imekaa, nyeusi, kutoka ukingo hadi ukingo, na bonde pande zote mbili lilionekana kama mnyama aliyepasuliwa. Mjumbe mmoja aliguna. Mwenyekiti alivua miwani. "Loo," alisema, "kumbe ndivyo itakavyokuwa." Wakati ule, kwa muda wa mzee kufuta miwani yake, pingamizi lilikuwa limeshinda.

Kibano alipiga simu. Ya Komeo haikupatikana.

Walikwenda bondeni wawili tu, yeye na shemeji yake, na njiani hakumweleza kitu. Hakukuwa na haja. Walipopanda ukuta wa mashariki, wakili alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata msibani.

Katikati ya bonde palikuwa pamefutwa. Mkanda mpana ulipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, bapa, ukingo wake umenyooka kama uliokatwa kwa kisu. Hakukuwa na lundo la mawe. Kuta ziliishia hewani. Makaburi hayakuvunjwa; hayakuwepo. Kibanda hakikuacha hata tofali.

Komeo alikuwa amekaa chini ya ukuta, filimbi ikiwa bado mdomoni. Kila alipopumua, ililia kidogo. Shemeji akaitoa taratibu.

"Nilikuwa nasikiliza habari," Komeo alisema. "Mama akaja mlangoni. Kile kitambaa cha kijani. Akasema, toka. Nikatoka. Mama hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuambia mara mbili." Alilamba midomo. "Sijafika mbali kibanda kikaondoka nyuma yangu. Na ardhi yake. Kama jino. Halafu juu kukawa giza, mwalimu, mchana huu. Kama sufuria inafunikwa. Nikakimbia. Nikageuka nikamwambia, mama, na wewe! Akasema, nenda, nimeshikilia."

"Ameshikilia nini?" shemeji aliuliza.

Komeo aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, viganja vimetazama mbinguni. Wa kushoto ulikuwa chini kidogo kuliko wa kulia.

"Alikuwa anaweza," alisema. "Naapa alikuwa anaweza. Nimefika hapa ukutani, bado ameshikilia. Halafu likaja zito la pili."

Wakili alikitazama kiganja chake. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakaa chini, hapo hapo kwenye mawe, na sketi yake ya kikaoni.

Jopo lilikuja kukagua. Wataalamu walisema ardhi ya chini ilikuwa na mapango, ikadidimia. Kwa nini ilididimia kwa mstari ulionyooka, waliahidi kuchunguza. Mwenyekiti alisoma uamuzi bila kuinua macho. Pingamizi lilihusu mali ya kale iliyomo katika njia ya barabara. Katika njia ya barabara sasa hamna kitu. Basi hakuna cha kulindwa, na pingamizi limekosa msingi. Ujenzi ulikwenda haraka. Mhandisi alimwambia mtu kwamba hajawahi kukabidhiwa ardhi iliyosawazishwa vizuri namna ile.

Kibano aliacha kufundisha. Mfano uko chumba cha nyuma, dirisha limefungwa. Hawezi kuuvunja. Hawezi kuufuta vumbi. Mwanzoni aliwaza kuking'oa kile kipande cheusi amtoe mkewe, na kuna siku alikuwa ameshaweka kucha ukingoni. Lakini barabara ilikuwa imefunguliwa, na juu yake mchana kutwa kulikuwa na mabasi, malori, wazazi wanaowarudisha watoto nyumbani. Akaitoa kucha.

Shemeji yake huja kumjulia hali. Hukaa akiwa amekalia mikono yake, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Kile kipande cha bonde kilichong'olewa Kibano amekihifadhi ndani ya pamba, katika boksi la viatu vya marehemu. Aliwahi kunikaribisha nisikilize. Nilidhani ni huzuni, nikainamisha sikio kwa heshima tu. Ndani ya kibanda kile, kidogo kama jino la mtoto, redio ilikuwa inasoma habari. Zilikuwa habari za siku ile ya kikao.

Na barabara ina kasoro moja. Wote wapitao huijua: pale lilipokuwa lango, lami huvimba. Mafundi huja na mashine ya kushindilia, wakailaza, wakaweka lami mpya, wakaondoka. Ikifika asubuhi imeinuka tena, kidogo tu, upande mmoja, kiasi cha gari kuruka. Wamefukua mara kadhaa kutafuta mzizi au maji. Hawajakuta kitu.

Kibano hajawahi kwenda kuiona. Kila asubuhi, akishamwaga nusu ya maji ya chai, huchukua karatasi nyembamba, akaipenyeza chini ya ukingo wa kile kipande cheusi, upande wa lango. Kilishindiliwa kwa kiganja, kikalia tik, kikakaa bila kuacha mwanya.

Karatasi hupita.